Sekunde Kumi na Moja za Baba

Keza, Ngara
7 Januari 2024

Mdogo wangu Audax,

Nakusalimu wewe, wifi yangu Joyness na mtoto. Sisi huku tunaamka. Maharage yameota vizuri, isipokuwa ya upande wa bondeni ambayo mvua imeyalaza. Kezia wangu amepangiwa sekondari, na tangu apate habari hiyo hatembei, anaruka. Shemeji yako Sindayigaya goti bado linamsumbua lakini mdomo wake ni mzima. Anasema nikuulize kama huko Nemba kalamu zimeisha.

Maana nilikuandikia Novemba hukujibu. Najua unapiga simu. Sipokei, na sababu unaijua. Mtoto wa kiume pekee anaondoka kwenye msiba wa baba yake siku ya tatu, moto wa msiba haujazimwa, majirani bado wamelala uani kwetu, ati kuna watu wanamsubiri studio. Nilisema siku ile na leo narudia: kwa mtu kama wewe simu ni rahisi mno, unasema samahani huku unakunywa chai. Andika. Hakizimana wa bodaboda anafika stendi kila wiki, makondakta wanamjua.

Sasa lililonikalisha chini ni la mama. Macho yale hayamsaidii tena, anatambua mwanga na kivuli basi. Kila asubuhi, kabla ya uji, anaipapasa ile redio yake ndogo ya kadi na kusikiliza wimbo wa matoleo wa baba, ule mliorekodi kanisani mimi nikiwa Kanazi namuuguza mama mkwe. Anausikiliza mara moja tu. Ukiisha anazima, anasema, haya, tuamke.

Mwezi ujao ni mwaka mzima tangu baba atutoke, na Padri amekubali Misa iwe tarehe ishirini na nne. Mama anataka siku hiyo, tukirudi kutoka kaburini, asikie sauti ya baba peke yake, bila kinanda wala ngoma, bila wanawake na vigelegele vyao. Nimemwambia kwa Audax hilo ni dogo. Si wewe uliyetuambia kwamba katika mashine yako kila mtu ana mstari wake, ukitaka unawanyamazisha wote akabaki mmoja? Basi wanyamazishe.

Ni mimi dada yako,
Speciosa


Nemba, Biharamulo
11 Februari 2024

Dada Speciosa,

Shikamoo, na mama mpe shikamoo yangu, umshike mikono kwa niaba yangu. Hongera nyingi kwa mjomba wake Kezia, yaani mimi, maana akili hizo kazitoa wapi kama si kwangu. Joyness hajambo. Mtoto ameota meno mawili na anauma kila anachokifikia, hata nyaya zangu za maiki.

Kazi ipo. Mwezi huu nimerekodi kwaya mbili na mzee mmoja Msubi anayepiga nanga, ile ala ya nyuzi ya wazee, dada, ungemsikia ungeacha kupalilia. Wenye studio za mjini bado wananicheka, ati studio ya programu za bure. Kompyuta yangu ni ile iliyotupwa na ofisi, nikaiwekea Linux, mfumo wa bure, na programu ya kurekodia inaitwa Ardour. Wameiandika watu wa mbali wasionijua, wakaiacha wazi kila mtu aitumie, na anayeweza kuitengeneza aitengeneze. Wanaonicheka wanatumia za wizi, nazo siku moja hugoma katikati ya kazi wakabaki wanatazamana na wateja. Yangu haijawahi kunigomea. Nimesema nitawaonyesha kwamba kazi safi ni masikio, si jina la programu.

Kuhusu ombi la mama, nimelisikia. Ila ule wimbo ni mzito, una mistari mingi, na umeme huku wiki hii unakuja kusalimia tu na kuondoka. Si jambo la kuharakisha. Nipe muda. Tarehe ishirini na nne nina watu wa harusi walioniwahi tangu Desemba, kwa hiyo nisamehe kwa Misa pia. Nimetuma sukari na sabuni kwa kondakta, na kitenge cha mama.

Mdogo wako,
Audax


Keza
3 Machi 2024

Audax,

Tumepokea sukari na sabuni. Kitenge mama amekipapasa akauliza rangi, nikamwambia kijani. Asante.

Misa imekwenda vizuri. Kwaya ya baba iliimba, na watu walijaa mpaka nje. Tuliporudi nyumbani mama alikaa kwenye mkeka na redio mapajani, akauliza kama Hakizimana ameleta kitu. Nikasema bado. Akauliza kama umekuja. Nikasema bado. Hakuuliza tena, alibonyeza ule wimbo wa siku zote akausikiliza, mara moja. Mama hajambo. Anakula kidogo.

Sasa nisikilize, maana mimi si mtoto. Ulipofungua studio ulikaa kwenye kigoda cha baba ukatufundisha kwa saa nzima. Ulisema programu hii haifuti kitu. Ukikata sauti, inaificha tu, sauti ya kwanza inabaki palepale ulipoirekodi, ukitaka kurudi nyuma hata baada ya mwaka unarudi. Baba alifurahi sana, akasema huo ndio uungwana, kutokitupa cha mtu. Mimi nakumbuka, hata kama wewe umesahau. Sasa umeme unahusikaje hapo? Mwaka mzima umeme haujawaka Nemba hata nusu saa?

Mficha maradhi kilio humuumbua. Sauti ya baba iko wapi?

Speciosa


Nemba
26 Mei 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Nimechelewa, na safari hii sina mvua wala umeme wa kusingizia. Joyness na mtoto hawajambo. Mihogo ya jirani zetu imeingia ugonjwa, ya kwetu bado. Nimeandika barua hii mara nne na kuchana tatu.

Dada, sauti ya baba haipo.

Siku ile kanisani alikuwa anaumwa, hukumwona. Nilikuwa sakristia na kompyuta yangu, hedifoni masikioni, nikawarudisha mara sita. Ubeti wa kwanza alikwenda, wa pili akaanza kukohoa, wa tatu pumzi zikakata kabisa, lile neno la mwisho hakuweza kulivuta. Nilirudi Nemba nikawa nasikiliza kikohozi cha baba siku nzima, na nilichokuwa nawaza ni wale wa mjini. Nilijua watasema, unaona, programu za bure hizo. Januari ya mwaka jana nikasimama mwenyewe mbele ya maiki nikauimba mstari wake. Watu husema sauti zetu ni moja. Nikaiteremsha kidogo, nikaongeza mwangwi wa kanisa. Ya baba nikaizima, nikasema akipona nitakwenda Keza nimrekodi upya. Kwaya walipousikia walisifu mashine kwamba inaondoa kikohozi. Sikuwasahihisha.

Hakupona. Anayeimba kwenye redio ya mama kila asubuhi ni mimi.

Na uliyosema ni kweli, programu haifuti kitu. Lakini ukijaza diski kuna amri ya kusafisha. Sauti zote zisizotumika zinahamishiwa kwenye folda moja, na folda hiyo programu yenyewe inaiita wafu. Zinakaa humo. Zinakaa mpaka mwenyewe uamue kuifuta, na kabla ya kufuta inakuuliza. Siku niliyotoka kwenye msiba, nilipofika Nemba wateja walikuwa barazani, diski imejaa, nikaisafisha haraka haraka nikafuta na folda ile bila kutazama kilichomo. Iliniuliza, nikabonyeza ndiyo. Baba alikuwa humo.

Nimejaribu kila njia ya kuirudisha. Nimewaandikia hata watu wanaotengeneza hizi programu, wakanijibu vizuri, wakasema faili likishaandikiwa vingine juu yake mara nyingi halirudi.

Kama ungeniuliza ana kwa ana nisingeweza kusema. Fanya utakalo na barua hii.

Audax


Keza
16 Juni 2024

Audax,

Sote wazima.

Barua yako niliisomea shambani, nikarudi nyumbani nimeacha jembe hukohuko. Sikumwambia mtu, hata Sindayigaya.

Nimekasirika, na sitaki kukuficha. Siku ile uliyotukimbia ndiyo siku uliyomfuta. Ungekaa siku zako kama mtoto wa mtu, ungerudi na akili zako, ungeitazama hiyo folda kabla ya kusema ndiyo. Tulimzika wote pamoja, kisha wewe ukaenda ukamzika peke yako mara ya pili bila kutuambia.

Na umeniachia mimi mzigo wa asubuhi. Mama anaamka, anapapasa redio, na mimi nachukua ndoo kwenda kisimani hata kama maji yapo. Nimwambie? Amebakiwa na nini kingine? Nisipomwambia, nami ni mwongo kama wewe, tena mwongo anayelala naye nyumba moja.

Usiniandikie mpaka uwe na cha kusema.

Speciosa


Nemba
18 Agosti 2024

Dada Speciosa,

Shikamoo. Salamu kwa shemeji na goti lake. Huku vumbi tu, mtoto ameanza kusimama kwa kushika meza.

Nina cha kusema, ndiyo maana naandika. Tangu barua yako sikurekodi mtu kwa wiki tatu. Nimeufungua ule wimbo mstari kwa mstari. Ule wa baba ni mtupu, hilo unalijua. Lakini wanawake walikuwa na maiki yao, na sauti yao ilitumika, kwa hiyo faili lao halikuguswa. Nilikata tu zile sehemu za kimya kati ya beti. Na kukata, nilivyowaambia nikiwa kwenye kigoda, ni kuficha tu. Nikavuta ile mikato nikaifunua mmoja mmoja.

Kwenye wimbo wenyewe wanawake wanamfunika. Ila baada ya ubeti wa tatu, niliposimamisha watu nikapiga kelele kutoka sakristia kwamba waanze upya haraka, maiki ya wanawake ilimsikia baba kwa mbali. Anakohoa. Anavuta pumzi. Kisha anasema kwa Kihangaza, "Buhoro, mwana wanje." Polepole, mwanangu. Ananiambia mimi. Nilikuwa na hedifoni lakini sikuwa namsikiliza, nilikuwa natazama muda.

Zote ni sekunde kumi na moja. Kikohozi nimekiacha, hilo nimejifunza. Mwishoni kulikuwa na mlio wa bati, kama kitu kimegonga sakafu, nikaukata ili abaki baba peke yake kama mama alivyoomba. Ziko kwenye kadi hii.

Mama akitaka kujua ukweli msomee barua yangu ya Mei yote, usinipunguzie neno. Kama unaona asijue, mpe hizi tu, sema ndizo nilizopata. Sina haki ya kuchagua, chagua wewe.

Mdogo wako,
Audax


Keza
8 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Nakusalimu, nasalimu wifi na mtoto. Mvua imeanza kunyemelea, tunatayarisha mashamba. Kezia amekuja likizo amerefuka.

Nimemsomea mama barua zako. Nilianza na ya Mei, nikamsomea yote mpaka mwisho. Nilipomaliza hakulia. Alisema, "Kumbe hilo ndilo lililomzuia kuja." Nikamuuliza kama amenielewa, kwamba yule si baba. Akasema mume aliyeishi naye miaka arobaini na mmoja hakuwa na pumzi ya kulivuta neno lile tangu Kezia ananyonya. Kikohozi anasikia mashine inaweza kukiondoa. Pumzi ya kupachika inatoka wapi? Alijua siku ya kwanza, Audax. Pasaka ya mwaka jana kadi ya wimbo ilipokuja, wote tukilia tunasema baba huyo, yeye alijua ni wewe.

Nikamuuliza, sasa kila asubuhi ulikuwa unasikiliza nini? Akasema, "Mwanangu. Haji nyumbani, nimsikie wapi kwingine?"

Alikuwa anaomba ile sauti ya peke yake kwa sababu aliamini baba halisi yuko kwenye mashine na kikohozi chake, na alitaka umlete mwenyewe kwa mkono. Nikampa zile sekunde. Alizisikiliza mara tatu, yeye asiyerudia kitu. Kisha akauliza, "Kikombe kiko wapi?" Nikadhani ana kiu, nikamletea maji, akausukuma mkono wangu. Baadaye akanieleza kwamba siku ile kanisani alikaa sakafuni miguuni pa baba na kikombe cha maji, akawa anampa kila ubeti, kwa sababu bila hivyo asingefika hata wa pili.

Sasa na mimi nina la kuungama, maana nimekuita mwongo. Mama anaumwa tangu Desemba. Tumbo linajaa. Hospitali walimpima, wakatuambia kwa upole tumrudishe nyumbani tumtunze. Alinikataza kukwambia. Alisema usije kwa kuitwa na ugonjwa, uje kwa kukumbuka kwenu. Nikaandika anakula kidogo, na ilikuwa kweli, ila nilijua utasoma nini. Wiki hii hawezi kuibonyeza redio mwenyewe, namshikia mimi. Sikimbilii tena kisimani.

Hataki nipige simu, nami nimemtii mpaka hapa. Lakini barua hakuikataza. Njoo, Audax. Acha mashine zako, hazihitajiki. Anataka uuimbe ule wimbo hapa kitandani, kwa sauti yako bila kuiteremsha.

Dada yako akupendaye,
Speciosa


Nemba
20 Oktoba 2024

Dada yangu Speciosa,

Shikamoo. Pole tena, na mimi nijipe pole. Joyness anakusalimu, mtoto anatembea hatua nne kisha anaketi. Mvua imenyesha juzi ya kutosha, tumepanda.

Barua yako ya tarehe nane Septemba nimeipata jana. Injini ya pikipiki ya Hakizimana iliharibika siku ileile uliyompa, ikakaa kwa fundi, na barua ikabaki mfukoni mwa koti lake la mvua mpaka mvua ilipomkumbusha. Amenipigia simu analia. Mimi ni nani wa kumlaumu mtu aliyesahau kutazama kilichomo.

Kwa hiyo sikujua, dada. Shemeji aliponipigia tarehe kumi na tatu Septemba kwamba mama ametutoka, nilikuja sijasoma hata mstari mmoja. Siku zote tisa nilizokaa kwenye msiba, nikilala uani na majirani mpaka moto ulipozimwa, nilidhani mama amekwenda akiwa amedanganywa. Ndiyo maana walipouimba ule wimbo kaburini nilifumba mdomo. Wewe ulinitazama, ukaona nimekataa hata hapo. Ulidhani nimesoma lile "njoo" lako nikachelewa kwa makusudi. Nami nilidhani hujamwambia na hujanisamehe. Tumekaa jiko moja siku tisa, tumepeana chumvi, na hakuna aliyefungua mdomo. Yangu nimeyasema sasa.

Nimeisoma Joyness akiwa karibu, nikalia mbele yake kama mtoto. Imeniuma, na itaendelea kuniuma. Aliniomba wimbo mmoja.

Halafu nikarudi pale ulipoandika kuhusu kikombe. Nikainuka nikaenda kwenye kompyuta. Ule mlio wa bati, dada. Kitu kilichogonga sakafu mwishoni, nikaukata kwa kuwa niliuona ni uchafu. Mama hakuwa na kiu. Alikuwa anajitafuta. Alijua baada ya baba kusema buhoro ndipo alipokunywa, na yeye akakiweka kikombe chini. Akasikiliza mara tatu, hakujikuta.

Safari hii nilikuwa sijasafisha kitu. Nilivuta ule mkato nao ukafunguka. Upo. Baba anakohoa, anavuta pumzi, ananiambia polepole mwanangu, anameza, na kikombe kinatua chini taratibu, kama mtu asiyetaka kumsumbua mgonjwa. Zimekuwa sekunde kumi na nne. Wote wawili wamo.

Kadi hii simpi Hakizimana wala kondakta. Naileta mwenyewe Jumamosi, na ukiniambia niimbe nitaimba, hata kama pale kitandani hakuna mtu. Redio ya mama usiiweke kabatini.

Leo nimeamka, kabla ya uji nikazisikiliza. Mara moja. Kikombe kilipotua nikazima, nikamwambia Joyness, haya, tuamke.

Mdogo wako,
Audax